Adhabu au Kikwazo? Ufafanuzi wa Vipunguzi vya Hali katika Majaribio ya Ujuzi ya Michezo ya Uigizaji wa Mezani, kwa Mifano ya Mandhari ya Rulenge, Wilaya ya Ngara

1.0 Utangulizi

Makala haya yanafafanua namna msimamizi wa mchezo wa uigizaji wa mezani anavyopunguza uwezekano wa mhusika kufaulu pindi mazingira ya tukio yanapokuwa magumu. Mchezo wa aina hii uliotangulia kuuzwa ni Dungeons & Dragons, uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kutolewa mwaka 1974. Wachezaji huketi pamoja na kujenga hadithi moja: kila mmoja husema na kutenda kwa niaba ya mhusika wake, naye msimamizi husimulia ulimwengu uliobaki. Panapotokea jambo ambalo matokeo yake hayana hakika, mchezaji hurusha dadu. Urushaji huo ndio unaoitwa hapa jaribio la ujuzi.

Hoja ya makala ni kwamba kipunguzi cha hali huwa cha haki pale tu kinapotokana na jambo lililokwisha kusimuliwa, kinapotangazwa kabla ya dadu kurushwa, na kinapomwachia mchezaji nafasi ya kukikabili.

2.0 Suala la istilahi

Wachezaji wengi wanaozungumzia vipunguzi hivi huviita adhabu. Kwa Kiswahili, neno hilo humaanisha kuwa kuna aliyekosea. Msikilizaji wa fasihi simulizi analifahamu vyema kupitia kitendawili. Mtegaji hutaja "Kitendawili!", hadhira hujibu "Tega!", na waliotegewa wakishindwa kufumbua hudaiwa mji. Huko kutoa mji ni adhabu kwa maana kamili, kwa sababu huja baada ya kushindwa na hutokana na kushindwa huko.

Katika jaribio la ujuzi mpangilio ni kinyume. Upungufu huja kabla ya jaribio, na mhusika hajafanya kosa lolote. Mvua imenyesha tu. Kwa sababu hiyo, makala haya yanapendekeza istilahi kikwazo cha hali. Pendekezo hili lina athari ya kiutendaji. Msimamizi anayedhani anaadhibu huelekea kumtazama mchezaji. Anayejua kwamba anaweka kikwazo hutazama mazingira ya tukio.

3.0 Namna mbili za kukokotoa kikwazo

Tuchukulie mhusika aliyetoka Rulenge ambaye anataka kuvuka kwa mtumbwi mto Ruvubu, unaofuata sehemu ya mpaka wa Ngara na Burundi kabla ya kuungana na maji ya Kagera karibu na Rusumo. Ujuzi wake wa kuendesha mtumbwi ni 4, na kiwango cha ugumu ni 15. Mchezaji hurusha dadu yenye pande 20 na kujumlisha 4. Hivyo anahitaji kupata 11 au zaidi. Uwezekano wa kufaulu ni asilimia 50.

Sasa usiku umeingia. Namna ya kwanza, iliyozoeleka katika toleo la tatu la Dungeons & Dragons la mwaka 2000, ni kutoa 2 katika jumla. Mchezaji sasa anahitaji 13, na uwezekano hushuka hadi asilimia 40. Namna ya pili, iliyoletwa na toleo la tano la mwaka 2014, ni kurusha dadu mbili na kuchukua iliyo ndogo. Uwezekano hushuka hadi asilimia 25.

Tofauti ya namna hizi haiishii katika ukubwa wa kikwazo. Kutoa 2 huondoa pointi 10 za asilimia kwa kila mhusika, ilimradi uwezekano wake haujafikia kikomo. Dadu mbili huwaumiza zaidi walio katikati: mwenye asilimia 75 hubaki na 56.25, mwenye 50 hubaki na 25, na mwenye 10 hubaki na 1. Mhusika huyo wa mwisho akitolewa 2 hubaki bila nafasi yoyote. Kwa hiyo namna ya kwanza inaweza kufunga mlango kabisa, ilhali ya pili huuacha wazi, japo kwa upenyo mdogo.

Vikwazo vikirundikana, mwelekeo hubadilika. Usiku, mvua na mzigo mzito, kila kimoja kikitoa 2, humfanya mvukaji wetu ahitaji 17, sawa na asilimia 20. Katika toleo la tano vikwazo hivyo vitatu huhesabiwa kama kimoja, naye hubaki na asilimia 25.

4.0 Kasoro mbili za kuepukwa

Kasoro ya kwanza ni kuhesabu jambo moja mara mbili. Iwapo msimamizi aliweka ugumu wa 15 kwa sababu mto umefurika wakati wa masika, hana haki ya kutoa tena 2 kwa ajili ya mafuriko hayohayo. Yafaa ajiulize: je, hali hii imekwisha kulipiwa katika kiwango cha ugumu?

Kasoro ya pili ni kukitaja kikwazo baada ya dadu kutua. Mchezaji aliyepata 12 akiambiwa wakati huo kuwa giza linampunguzia 2, ananyang'anywa ushindi aliokwisha kuupata, na kikwazo hugeuka kuwa adhabu kwa maana ileile tuliyoikataa. Akiambiwa mapema, anaweza kungoja mapambazuko, kupunguza mzigo au kumtafuta mvushaji anayeujua mto. Kila chaguo kati ya hayo huzaa tukio jipya la hadithi. Hapa kitendawili kinatoa funzo: waliotegewa hujua tangu mwanzo kwamba wakishindwa watatoa mji, ndiyo maana hutoa mji bila kulalamika.

5.0 Hitimisho

Imeonekana kwamba kikwazo cha hali ni sehemu ya usimulizi kabla ya kuwa hesabu. Kutoa 2 hufaa pale msimamizi anapotaka kila hali ionekane kwa uzito wake. Dadu mbili hufaa anapotaka wepesi na kuepuka mrundikano. Namna yoyote itakayochaguliwa, msimamizi anapaswa kusimulia giza kwanza, kutaja bei yake, kisha kumwachia mchezaji aamue kama atapanda mtumbwi.