Mgeni wa London na Mananasi ya Thika



Kila anapoingia Waziri Mkuu mpya katika nyumba nambari 10 ya mtaa wa Downing, London, wenye kufuatilia mambo ya dola huangalia jambo moja kabla ya mengine: atakwenda kubisha hodi kwa nani kwanza. Theresa May aliapishwa Julai 13, 2016, na baada ya wiki moja alikuwa Berlin, kesho yake Paris. Januari iliyofuata alikuwa kiongozi wa kwanza wa nje kupokewa na Donald Trump katika Ikulu ya Marekani. Keir Starmer, aliyeshika madaraka Julai 5, 2024, alianza na Washington kwenye mkutano wa NATO, na mwishoni mwa Agosti akazuru Berlin na Paris. Njia ni ileile. Mlango wa Afrika hubishwa baadaye, na wa Kenya baadaye zaidi.

Kwa Bi May ilichukua miaka miwili na zaidi. Mwishoni mwa Agosti 2018 alizuru Afrika Kusini, kisha Nigeria, na Agosti 30 akafika Nairobi. Alikuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uingereza kuikanyaga Kenya tangu Margaret Thatcher alipopokewa na Rais Moi Januari 1988. Miaka thelathini! Mtoto aliyezaliwa wiki ya ziara ya Thatcher alikuwa keshaoa na kusomesha wa kwake. Wazee wetu husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu aliondoka kabla jembe halijatafutwa.

Magazeti yaliyofuata yalijaa picha za Bi May akicheza ngoma pamoja na maskauti katika ofisi za Umoja wa Mataifa, Gigiri. Alicheka mwenyewe, na Oktoba ile alipanda jukwaa la mkutano wa chama chake akicheza tena. Lingine lililosambaa ni kauli ya Rais Uhuru Kenyatta, ambaye mbele ya waandishi wa habari alimtaja Boris Johnson, aliyekuwa ametoka tu kwenye wizara ya mambo ya nje, kuwa ni yule bwana wa baiskeli. Watu walicheka, na mwaka haukuisha kabla bwana wa baiskeli hajawa Waziri Mkuu. Lakini hayo ni ya kusimuliana sebuleni. Sisi tunawaombeni tuangalie kile kilichomleta.

Tunaandika kutoka Thika, na tunajua kwamba wengi wenu huko Mombasa, Malindi na Lamu mna watoto huku bara. Yupo anayesoma Chuo Kikuu cha Mount Kenya hapa Thika, yupo wa Juja, na wapo waliopanga nyumba Ruiru wakienda na kurudi Nairobi kila siku. Mkija kuwatembelea hupita barabara kuu ya Thika. Barabara hiyo, iliyofunguliwa na Rais Kibaki Novemba 2012, ilijengwa na kampuni za Kichina, kwa mikopo ya Benki ya Maendeleo ya Afrika na ya benki ya Kichina, pamoja na fedha za serikali yetu. Anayesafiri juu yake haoni jina la Mwingereza popote. London iliyaona hayo pia. Angalieni wiki ile ilivyokuwa: Agosti 27 Rais Kenyatta alikuwa Washington, Agosti 30 alimpokea Bi May Nairobi, na siku nne baadaye mkutano wa wakuu wa Afrika na China ulifunguliwa Beijing, naye alihudhuria. Mwenye binti anayechumbiwa na nyumba tatu anaelewa maana ya wiki kama hiyo, na anaelewa pia kwamba si kila posa ni ya heri.

Jambo la pili lilikuwa zito zaidi. Waingereza walikuwa wamepiga kura Juni 2016 kutoka katika Umoja wa Ulaya. Bidhaa za Kenya zilikuwa zikiingia Uingereza bila ushuru wa forodha kwa sababu Uingereza ilikuwa ndani ya Umoja huo. Ikitoka, mlango ule unafungwa, na lazima ufunguliwe mwingine.

Hapo ndipo Thika inapoingia. Mtu akitoka mjini kuelekea Murang'a au Garissa huona mashamba ya mananasi yamelala mpaka macho yachoke. Kiwanda cha mananasi kilianza mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa jina la Kenya Canners, na baadaye kikawa cha Del Monte. Nanasi hukatwa hapa, huvunwa na vibarua, wakiwemo kina mama, huingizwa mkebeni au hukamuliwa maji, kisha kontena hushuka hadi bandari ya Kilindini. Nyinyi wa Mombasa mnayaona makontena hayo yakipita Changamwe bila kujua yamebeba nini. Hapa pia kuna maua, parachichi, makadamia, na kahawa ya mashamba yaliyobaki Ruiru. Tunasema yaliyobaki kwa sababu mengi yamegeuzwa viwanja vya nyumba, ingawa kituo cha utafiti wa kahawa kingalipo, na mbegu ya Ruiru 11 iliyotolewa hapo mwaka 1985 ili kushindana na ugonjwa wa chulebuni hupandwa hata nje ya kaunti hii.

Sasa shida ya Kenya ilikuwa hii. Jirani zetu Tanzania, Uganda na Rwanda wamo katika orodha ya nchi zenye maendeleo duni zaidi, na nchi za orodha hiyo huingiza bidhaa Uingereza bila ushuru, kuwe na mkataba au kusiwe. Kenya haimo katika daraja hilo. Umaskini wa mama anayevuna nanasi Thika haukutofautiana sana na wa mwenzake wa ng'ambo ya mpaka, lakini katika daftari za London bidhaa ya huyu wa Thika ndiyo ambayo ingetozwa ushuru. Mnunuzi wa Uingereza akiona bei imepanda hununua kwingine, na kibarua ndiye wa kwanza kuambiwa asirudi kesho.

Bi May aliahidi Nairobi kwamba mlango hautafungwa. Ahadi ya mdomo ilibidi isubiri mkataba, na kabla haujaandikwa yeye mwenyewe alikuwa ameondoka madarakani. Mkataba wa biashara kati ya Kenya na Uingereza ulitiwa saini London Desemba 8, 2020, wakati wa Boris Johnson, zikiwa zimebaki siku ishirini na tatu tu kabla ya muda wa mpito kwisha. Bunge letu liliuridhia Machi 2021. Kina mama waliokuwa mashambani wiki zile za Desemba hawakuambiwa jinsi kazi yao ilivyokuwa ikining'inia. Nao wapo waliolalamika, na kwa maoni yetu wana hoja, kwamba Kenya ilikwenda peke yake ilhali Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitakiwa kuzungumza kwa sauti moja.

Ziara ile pia ilizaa makubaliano ya kurejesha Kenya mali iliyoibwa na kufichwa Uingereza. Jambo hilo lina kisa chake. Kampuni moja ya uchapaji ya Uingereza, Smith & Ouzman, ilipatikana na hatia mwaka 2014 kwa kuwahonga maafisa wa Kenya ili ipewe kazi ya kuchapa karatasi za kura na za mitihani. Katika barua zao hongo waliiita kuku. Sehemu ya fedha iliyotozwa ilirudishwa Kenya, na mwaka 2017 ikanunuliwa magari ya kubebea wagonjwa. Kuku wa wizi amegeuka gari la mgonjwa. Laiti kuku wote wangerudi.

Sasa turudi nyuma kidogo, maana Thika ilimwona Waziri Mkuu wa Uingereza kabla hajawa Waziri Mkuu. Mwaka 1907 kijana aitwaye Winston Churchill, akiwa naibu katika wizara ya makoloni, alishuka Mombasa, akapanda reli hadi Nairobi, akapita Thika akiwinda na kuendelea Fort Hall, yaani Murang'a ya leo. Aliyapenda maji na ardhi ya huku, na aliandika kitabu juu ya safari ile. Miaka arubaini na mitano baadaye, Oktoba 20, 1952, Hali ya Hatari ilipotangazwa Kenya, mzee aliyekaa Downing ni yeyule.

Kwa watu wa Kiambu na Murang'a hiyo si habari ya vitabuni. Kuanzia 1954 zaidi ya watu milioni 1 waliondolewa katika boma zao na kukusanywa katika vijiji zaidi ya 800 vilivyozungushiwa miti iliyochongwa na mahandaki. Wanaume wengi walikuwa vizuizini au msituni, kwa hiyo waliochimba mahandaki hayo ni kina mama, wengine na watoto migongoni. Vikongwe waliobaki huku, ukiketi nao kwa adabu, wanajua kijiji chao kilikuwa wapi na nani alikifia. Ndugu zetu wa pwani mara nyingi husikia neno Mau Mau wakadhani ni habari ya wanaume na bunduki.

Juni 6, 2013, wakati wa David Cameron, waziri wake wa mambo ya nje, William Hague, alisimama bungeni London akakiri kwamba Wakenya waliteswa chini ya utawala wa kikoloni, na akaeleza masikitiko. Walalamikaji 5,228 walitengewa pauni milioni 19.9, gharama za mawakili zikiwa ndani yake. Kesi nyingine ya Wakenya zaidi ya 40,000 iliangushwa katika mahakama ya London mwaka huohuo wa 2018 ambao Bi May alifika Nairobi. Hoja kubwa ilikuwa kwamba muda umepita sana. Hatukusikia suala hilo likipewa nafasi mbele ya watu siku ile ya Agosti. Mgeni alikuja kutazama mbele, kama wasemavyo wanadiplomasia. Yaliyo nyuma waliachiwa bibi zetu.

Nasi watu wa pwani tuna karatasi yetu ya London. Desemba 1895, Lord Salisbury akiwa Waziri Mkuu, Uingereza ilichukua usimamizi wa mwambao wa maili kumi kutoka kwa Sultani wa Zanzibar kwa malipo ya pauni 11,000 kwa mwaka. Mwambao haukuwa koloni bali himaya, na ndiyo maana bendera nyekundu ilipepea Mombasa. Uhuru ulipokaribia, ilibidi iamuliwe mwambao uende wapi. Harold Macmillan alikuwa amezunguka Afrika mwaka 1960 kuanzia Ghana hadi Cape Town bila kupitia Kenya. Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte wa Zanzibar walibadilishana barua London. Sultani aliacha mamlaka yake juu ya mwambao, na Kenyatta akaahidi uhuru wa ibada, kuendelea kwa mahakama za kadhi, mafunzo ya Kiarabu kwa watoto wa Kiislamu na kuheshimiwa kwa hati za ardhi. Oktoba 8 Macmillan aliugua akapelekwa hospitali, na baada ya siku mbili ikatangazwa kwamba atajiuzulu. Kenya ilipopata uhuru Desemba 12, Waziri Mkuu wa Uingereza alikuwa mpya, Alec Douglas-Home. Zanzibar yenyewe, iliyokuwa upande wa pili wa barua ile, ilipinduliwa Januari 12, 1964.

Mama anayekwenda leo kwa kadhi kudai mirathi ya mumewe, au kuomba afunguliwe ndoa iliyomdhuru, anategemea ahadi ile, iliyoingia baadaye katika Katiba na sasa imo katika Ibara ya 170. Ahadi ya hati za ardhi haikutunzwa kama ile ya kadhi, na hilo linajulikana kila mji wa pwani. Barua ni moja, walioiandika ni walewale, na nusu yake imeishi kuliko nusu nyingine.

Tangu Bi May, Downing imewaona Johnson, Truss, Sunak na Starmer. Rishi Sunak baba yake alizaliwa Kenya na mama yake Tanganyika, na wengi walidhani kwa sababu hiyo atatukumbuka kwanza. Alikutana na Rais Ruto Novemba 2022, lakini ilikuwa Misri, kwenye mkutano wa tabianchi.

Kwa familia nyingi zinazosoma kurasa hizi, jambo lenye uzito zaidi lilipatikana kwa safari ya upande wa pili, pale Rais Kenyatta alipokwenda London Julai 2021. Serikali mbili zilikubaliana kwamba wauguzi wa Kenya wasio na ajira wafanye kazi katika hospitali za Uingereza. Mabinti zetu wanaosomea uuguzi Thika walipokea habari hiyo kwa furaha, na wazazi wakaanza kupiga hesabu. Kundi la kwanza la wauguzi 19 liliondoka Juni 2022. Kabla ya hapo Wizara ya Afya ilikuwa imesema kwamba kati ya 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza unaotakiwa, waliofaulu ni 10 tu.

Basi wazazi mnaotuuliza kuhusu mawakala, jibu letu ni kwamba makubaliano haya ni ya serikali kwa serikali. Anayekudai fedha ili jina la binti yako liingizwe orodhani, muulize anayo barua ya nani, kisha uulizie wizarani kabla hujatoa hata shilingi. Fedha hizo zinatosha kumlipia binti miezi kadhaa ya masomo ya Kiingereza, na huo mtihani hauna wakala wa kuufanya kwa niaba yake.