Fender au Gibson: skrubu nne, gundi na hesabu za mwekezaji

Mnunuzi wa gitaa la umeme, awe mpigaji wa bendi au mtu mwenye akiba anayetafuta mali ya kuhifadhi, mwishowe hujikuta mbele ya swali moja: Fender au Gibson? Kampuni hizo mbili za Marekani ndizo zilizoweka mitindo ambayo viwanda vya Japani, Korea, China na Indonesia vimeifuata kwa miongo mingi. Gibson ilitoa gitaa la Les Paul mwaka 1952. Fender ilijibu kwa Stratocaster mwaka 1954. Wanamuziki hubishana kuhusu sauti, na ubishi huo hauna mwisho. Mfanyabiashara ana sababu ya kutazama kwanza mahali shingo ya gitaa inapoungana na kiwiliwili, kwa kuwa hapo ndipo ilipoanzia tofauti ya gharama na ya bei.

Leo Fender alikuwa fundi redio wa mji wa Fullerton, California, na hakuwahi kujifunza kupiga gitaa. Alilitazama kama fundi anavyotazama redio: kifaa chenye sehemu zinazotengenezwa mbalimbali, zinazofungwa pamoja na kubadilishwa zikiharibika. Shingo ya Stratocaster hukatwa kwenye ubao mgumu wa mepo, kisha hufungwa kwenye kiwiliwili kwa skrubu nne. Ikipinda, fundi hulegeza skrubu, hutoa shingo na kuweka nyingine kabla chai haijapoa. Mfanyakazi wa kiwanda hicho hahitaji kuwa seremala bingwa. Anahitaji mashine iliyopimwa vizuri na bisibisi.

Gibson, iliyoanzishwa rasmi mwaka 1902 huko Kalamazoo, Michigan, ilitoka katika ukoo mwingine kabisa, ule wa mafundi wa mandolini na magitaa ya kuchongwa. Kiwiliwili cha Les Paul ni cha mahogani, na juu yake hubandikwa bamba la mepo lililochongwa likabinuka kama mgongo wa fidla. Shingo ya mahogani huchomekwa katika tundu na kugandishwa kwa gundi. Kila hatua inataka mkono wenye uzoefu, na kosa likigunduliwa baada ya gundi kukauka, linaweza kuitia hasara kazi yote iliyotangulia.

Tofauti nyingine ni ya umeme. Chini ya nyuzi kuna vipande vya sumaku vilivyozungushiwa waya mwembamba, ambavyo mafundi huviita pikapu (si gari). Stratocaster ina pikapu tatu, kila moja ikiwa na koili moja ya waya. Sauti yake ni nyembamba na kali, yenye kupenya, na wapenzi wa muziki wa dansi watakumbuka jinsi gitaa la solo linavyotakiwa kusikika juu ya ngoma na tarumbeta. Kasoro yake ni kwamba koili moja hunasa pia mngurumo wa umeme wa nyumbani. Fundi wa Gibson, Seth Lover, alilitatua tatizo hilo mwaka 1955 kwa kuweka koili mbili zilizopangwa kinyume, hivyo mngurumo wa moja unafuta wa nyingine. Kuanzia mwaka 1957 pikapu hizo ziliwekwa katika Les Paul, na sauti yake ikawa nzito na yenye kudumu.

Wakati wa kuzaliwa kwao, bei hazikuonyesha tofauti hiyo ya kazi. Les Paul ya mwaka 1952 iliuzwa kwa dola 210. Stratocaster ya mwaka 1954, ikiwa na mkono wake wa kutikisia sauti, ilikuwa dola 249.50. Ni baadaye ndipo hesabu ya uzalishaji ilipojitokeza. Leo Stratocaster mpya iliyotengenezwa California hupatikana kwa chini ya dola 2,000, ilhali Les Paul Standard mpya kutoka Nashville huzidi dola 2,500.

Muhimu zaidi kwa mfanyabiashara ni kwamba gitaa la skrubu linahamishika. Fender ilianza kutengeneza Japani mwaka 1982, ikafungua kiwanda Ensenada, Meksiko, mwaka 1987, na chini yake ikaweka jina la Squier kwa wanunuzi wa kipato kidogo. Ni ngazi yenye vidato vingi: kijana anaanza na Squier, akipata kazi anapanda hadi ya Meksiko, akifanikiwa anafika ya California. Gibson nayo ina jina lake la pili, Epiphone, ambalo ilinunua mwaka 1957 kwa dola 20,000 tu, na magitaa yake sasa hutoka zaidi China. Lakini kati ya Epiphone na Gibson yenyewe kuna pengo, na jina linalotamaniwa zaidi halipo upande wa chini wa pengo hilo. Squier angalau huandikwa jina la Fender pembeni, kwa herufi ndogo.

Historia ya wamiliki nayo inafaa kusomwa na kila mwenye ndoto ya kununua kampuni yenye jina kubwa. Januari 1965 Leo Fender, akisumbuliwa na afya, aliiuzia CBS, kampuni kubwa ya redio na televisheni, kwa dola milioni 13. CBS iliongeza uzalishaji na kupunguza gharama, na wapigaji wakaanza kulalamikia ubora. Miaka 20 baadaye, mwaka 1985, kundi la wafanyakazi wakiongozwa na William Schultz liliinunua kwa dola milioni 12.5. Kwa kipimo cha mfumuko wa bei wa Marekani, milioni 13 za mwaka 1965 zilikuwa sawa na takriban milioni 44 mwaka 1985. Ni kweli kwamba kiwanda cha Fullerton hakikuwemo katika mauzo hayo. Wanunuzi walipata jina, hati na bidhaa zilizobaki, wakalazimika kutegemea magitaa ya Japani mpaka kiwanda kipya kilipoanza Corona, California. Hata kwa kuliondoa jengo katika hesabu, CBS haikuwa na la kujivunia.

Gibson ilipita njia hiyo hiyo. Ilikuwa chini ya kampuni ya Norlin tangu mwaka 1969, ikahamishia kazi Nashville, ikafunga kiwanda cha Kalamazoo mwaka 1984. Mwaka 1986 wahitimu wa shule ya biashara ya Harvard wakiongozwa na Henry Juszkiewicz waliinunua kwa dola milioni 5. Waliifufua kwa kurudi kwenye vipimo vya zamani na kupandisha bei. Baada ya hapo likaja kosa ambalo halikuhusu magitaa hata kidogo. Mwaka 2014 Gibson ilinunua biashara ya vifaa vya sauti vya Philips kwa dola milioni 135, ikitaka kuwa kampuni ya burudani ya nyumbani. Vifaa hivyo havikuuzika kama ilivyotarajiwa, na hati za mkopo za dola milioni 375 zilikuwa zinakaribia kuiva. Tarehe 1 Mei 2018 kampuni iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake, huku madeni yakifikia dola milioni 500. Biashara ya magitaa yenyewe ilikuwa ikileta faida. Novemba mwaka huo iliibuka ikiwa mikononi mwa wadai, na mkubwa wao alikuwa kampuni ya uwekezaji ya KKR.

Mwekezaji mdogo anayetaka hisa hawezi kununua za Fender wala za Gibson katika soko la hisa. Fender iliomba mwaka 2012 kuuza hisa New York ili kukusanya hadi dola milioni 200, lakini ikajiondoa Julai mwaka huo huo ikitaja hali mbaya ya soko. Tangu mwaka 2020 sehemu kubwa ya Fender inamilikiwa na Servco, kampuni ya Hawaii inayojulikana zaidi kwa kuuza magari ya Toyota. Mwaka huo huo, watu wakiwa wamefungiwa majumbani kwa sababu ya korona, Fender ilifanya mauzo makubwa kuliko mwaka wowote uliotangulia. Hisa za KKR zinauzwa New York, lakini ndani ya kampuni ya ukubwa ule, gitaa ni tone baharini.

Mbao nazo zina hesabu yake, na hapa jambo linaigusa Afrika Mashariki. Mwaka 2009 na 2011 maofisa wa serikali ya Marekani walipekua viwanda vya Gibson wakitafuta mpingo mweusi wa Madagaska na rozwudi ya India zilizodaiwa kuingizwa kinyume cha sheria. Agosti 2012 kesi ilimalizwa kwa Gibson kukubali kulipa faini ya dola 300,000. Januari 2017 mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, CITES, uliweka chini ya vibali jamii nzima ya Dalbergia. Rozwudi imo katika jamii hiyo, na pia mpingo wa Tanzania, unaotumika zaidi kwa filimbi za klarineti na obo kuliko kwa magitaa. Ghafla gitaa lililomalizika likahitaji karatasi ili kuuzwa nje. Fender, ambayo shingo zake nyingi ni za mepo hadi juu, ilibadili mbao za magitaa yake mengi ya Meksiko mwaka huo huo. Gibson, yenye wateja wanaotaka kila kitu kama kilivyokuwa mwaka 1959, haikuwa na uhuru huo. Vyombo vya muziki vilivyokamilika viliondolewa sharti hilo Novemba 2019.

Inabaki biashara ya magitaa ya zamani, ambayo ndiyo inayowavutia wengi, na ndiyo yenye mashimo mengi. Les Paul Standard zenye rangi ya machweo zilitengenezwa kuanzia mwaka 1958 hadi 1960, na hazikuuzika vizuri. Mwaka 1961 Gibson iliachana na umbo hilo. Idadi yote inakadiriwa kuwa kama 1,500. Kisha vijana wa Uingereza walioupenda muziki wa blues, Eric Clapton mmojawapo, wakazitafuta madukani zikiwa mitumba, rekodi zao zikaenea, na Gibson ikalazimika kurudisha Les Paul mwaka 1968. Zile za awali sasa huuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola. Soko hilo lilitengenezwa na wapigaji; kiwanda kilikuwa kimeshakata tamaa.

Upande wa Fender, mstari wa bei ni tarehe ile ya mkataba wa CBS. Stratocaster ya kabla ya Januari 1965 ni mali ya namna moja, na ya miaka ya 1970 ni ya namna nyingine, hata kama macho ya mgeni hayaoni tofauti. Mnadani, jina la mwenye gitaa hupita yote. Stratocaster ya Clapton iitwayo Blackie iliuzwa Christie's mwaka 2004 kwa dola 959,500, na ile nyeusi ya David Gilmour mwaka 2019 kwa dola milioni 3.975. Bei hizo zisimdanganye mtu mwenye gitaa lisilo na historia.

Wala bei haipandi siku zote. Walionunua magitaa ya kale kwa mikopo mwaka 2007, soko likiwa limechemka, waliona thamani ikiporomoka baada ya msukosuko wa fedha wa mwaka 2008, na gitaa halilipi gawio wakati mwenyewe anasubiri.

Kwa anayenunua, kila mtindo una mtego wake, na mtego hutokana na ule muungano wa shingo. Gitaa la skrubu nne hufunguka, hivyo shingo ya mwaka 1963 inaweza kufungwa kwenye kiwiliwili cha mwaka mwingine, na bamba la namba likatoka kwingine. Mwuzaji makini hukubali shingo itolewe, kwa sababu Fender mara nyingi iliandika au kupiga muhuri wa tarehe kwenye kitako chake. Ndani, vitufe vya sauti vina namba ya kiwanda kilichovitengeneza: 137 ni CTS, 304 ni Stackpole, na tarakimu zinazofuata hutaja mwaka na wiki. Kitufe cha 1376612, cha wiki ya 12 ya mwaka 1966, hakiwezi kuwa kilizaliwa ndani ya gitaa la mwaka 1962. Labda kilibadilishwa kwa haki, lakini bei lazima ishuke.

Les Paul haifunguki, ila inavunjika. Kichwa chake kimeinamishwa nyuma kwa pembe ya nyuzi 17, na mahogani hapo ni nyembamba. Gitaa likianguka sakafuni, mara nyingi huvunjika shingoni, chini kidogo ya kichwa. Fundi mzuri huunganisha na sauti hubaki ile ile, lakini thamani hupungua sana, mara nyingi kwa nusu. Kichwa cha Stratocaster kimekatwa sambamba na shingo katika ubao huo huo na huhimili zaidi. Mnunuzi wa Gibson ya zamani anashauriwa kuishika juani, kuigeuza, na kupitisha kucha nyuma ya shingo akitafuta ufa uliofunikwa kwa rangi, kabla ya kutaja bei yoyote.