Je, Wajua? Gita Lililomrejesha Santana

Je, wajua kwamba noti ya gita la umeme yaweza kudumu kuliko pumzi ya mwimbaji yeyote? Chini ya nyuzi zake za chuma huwekwa sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba. Uzi utikisikapo, waya huo huzaa umeme hafifu unaofuata mtikisiko ule ule, nao umeme ukisha kukuzwa na kutolewa katika spika, mawimbi ya sauti huurudia uzi uliokuwa karibu kutulia, yakautikisa upya, hata noti moja ikaendelea kulia maadamu mpigaji ajua mahali pa kusimama mbele ya spika yake.

Elimu hiyo aliimudu barabara Carlos Santana, mzaliwa wa Autlán katika nchi ya Meksiko, mwana wa mpiga fidla, aliyepata sifa kubwa katika tamasha la Woodstock mwaka 1969. Walakini miaka ya tisini ilipofika, albamu zake zilikuwa hazinunuliwi sana, na wengi walidhani zama zake zimekwisha. Ndipo Clive Davis, yule yule aliyekuwa mkuu wa kampuni ya Columbia ilipotoa albamu ya kwanza ya bendi ya Santana, alipomkaribisha katika kampuni ya Arista, wakaafikiana kulikutanisha gita lake na wasanii vijana, miongoni mwao Rob Thomas, Lauryn Hill, Wyclef Jean na kundi la Maná.

Albamu iliyozaliwa na maafikiano hayo, Supernatural, ilitoka Juni 1999. Wimbo wake Smooth ulishika nafasi ya kwanza katika orodha ya Billboard kwa majuma 12, na Maria Maria kwa majuma 10. Albamu yenyewe ikafika kileleni, daraja ambalo Santana hakulifikia tangu mwaka 1971. Na Februari 2000 akatunukiwa tuzo 8 za Grammy katika usiku mmoja, sawa na zile alizotwaa Michael Jackson mwaka 1984.

Yamkini mtu aseme kwamba fahari hiyo ni ya wageni waalikwa. Insafu yakataa: waimbaji wabadilika, lugha na midundo yabadilika, ilhali gita ni lile lile toka mwanzo hadi khatima, nalo ndilo liunganishalo yote. Basi, msomaji, uisikilizapo albamu hii, waache waimbaji kwa kitambo, ulifuate gita peke yake. Utakubali kwamba mwenye kazi ni Santana.