Mkono Unauma, Ugonjwa Uko Shingoni



Hapa Kishapu huja wagonjwa wameushika mkono, wakisema unawaka moto kuanzia begani hadi vidoleni na usiku hawalali. Wameuchua miezi mingi na kumeza vidonge, lakini nafuu hawaioni. Sababu ni kuwa mkono hauna kosa. Ugonjwa uko shingoni.

Shingo ina pingili 7, na kati yake hutoka mishipa ya fahamu iendayo mikononi. Sahani laini iliyo kati ya pingili ikichomoza, au mfupa ukiota kwa umri, mshipa hubanwa. Ukibanwa mshipa wa 6 ganzi huelekea kidole gumba; wa 7, kidole cha kati; wa 8, kidole cha mwisho.

Wengi hupata nafuu bila upasuaji. Maumivu yakiendelea, omba barua ya kwenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi, katika hospitali ya rufaa ya mkoa au Bugando, Mwanza. Atakupima, kisha atakufundisha kuvuta kidevu nyuma, kubana mabega kwa nyuma na kugeuza shingo taratibu. Mazoezi hayo hufanywa nyumbani kila siku kwa wiki kadhaa. Si muujiza, anayeacha baada ya siku 3 asiilaumu tiba.

Kipimo chake ni hiki: maumivu yakipanda kutoka vidoleni kurudi shingoni, ni dalili njema. Yakizidi kushuka, acha zoezi hilo umweleze mtaalamu.

Wakati huo pumzika kubeba ndoo kichwani. Ya lita 20 ni kilo 20 juu ya shingo. Waume na vijana, chukueni kazi hiyo. Katika swala, ukitoa salaam geuka kadiri uwezavyo. Sijda ikizidisha maumivu, sheria imemruhusu mgonjwa kuashiria akiwa amekaa.

Usikubali mtu akunyonge shingo ili "ilie". Wahi hospitali siku hiyo hiyo ukiona mkono unapoteza nguvu, miguu inalegea, mkojo hauzuiliki, au maumivu yameanza baada ya kuanguka. Homa na kukonda navyo visipuuzwe, huenda ni kifua kikuu cha mifupa. Na mkono ukiuma pamoja na kifua kubana, huo waweza kuwa moyo.