Fahamu: Je, bima ya afya hulipia tiba ya uraibu?

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 imeliamsha swali hili hadi vijijini, Migato mkoani Simiyu ikiwemo.

Methadoni ni bure

Tangu Hospitali ya Muhimbili ianze kuitoa mwaka 2011, mraibu wa heroini hahitaji kadi ya bima. Dawa hii ya kutibu uraibu wa heroini ni ya maji, hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Kinachoumiza ni nauli: kliniki iko hospitali ya Sekou Toure, Mwanza, na safari ya kila siku kutoka Simiyu haiwezekani. Kwa gongo au bangi, methadoni haisaidii.

Soba hausi

Nyingi ya nyumba hizi za kuwasaidia waraibu kuacha ni za binafsi. Ada hutoka mfukoni mwa familia. Ulizia kwanza bei ya mwezi.

Pa kuanzia

Piga 119, bila malipo, uongee na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya.