Bima ya Afya Iwafikie Wasio na Mwajiri

Tangu Taifa lilipojitawala mwaka 1961, maradhi yamehesabiwa pamoja na ujinga na umaskini kuwa adui wa wananchi. Lakini tangu 1993, wananchi walipotakiwa kuchangia gharama katika hospitali za Serikali, adui huyo amepata msaidizi: ukosefu wa fedha.

Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, uliotungiwa sheria mwaka 1999, ulianza na watumishi wa Serikali. Wao hukatwa asilimia 3 ya mshahara, na mwajiri huongeza kiasi hicho hicho. Mvuvi wa Mafia aletaye samaki Feri, Kivukoni, mchukuzi wa Kariakoo na mama lishe hawana mshahara wala mwajiri. Akiugua mmoja wao, mtaji ndio hununua dawa. Akipona, hana biashara ya kurudia.

Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Hilo ni jambo la kupongezwa, ila sheria iliyomo kabatini haimtibu mgonjwa. Yawapasa watendaji washuke sokoni na bandarini, wapokee michango kidogo kidogo kupitia vyama vya wafanyabiashara wadogo, kwa kufuata misimu ya pato lao. Asiye na uwezo kabisa alipiwe na Serikali, bila kuzungushwa.