Klova ya Nyanda za Juu Haitaki Yurea

Wafugaji wengi wa ng'ombe wa maziwa huamini kwamba klova ni mmea wa kizungu. Ile klova nyeupe ya Ulaya ililetwa, hilo ni kweli. Lakini kuna nyingine inayofanana nayo, yenye vijani vitatu kwenye kikonyo kimoja na maua meupe yanayoelekea uwaridi, iliyokuwa ikitambaa kwenye miinuko ya Kenya, Ethiopia, Uganda na Tanzania tangu kabla Friesian wa kwanza hajateremshwa melini. Wataalamu huiita Trifolium semipilosum, au kwa wepesi klova nyeupe ya Kenya.

Klova ni ya jamii ya mikunde, na kwamba mikunde hurutubisha ardhi, kila mkulima anajua. Wachache ndio wamewahi kung'oa mche na kupasua kinundu cha mzizi kwa ukucha. Ukikuta ndani pana wekundu kama wa nyama, kinundu kiko kazini. Wekundu huo ni wa protini inayofanana na himoglobini ya damu yetu, na kazi yake ni ya ajabu. Bakteria waliomo kinunduni wanahitaji oksijeni ili wapumue, ilhali kimeng'enya chao kinachonasa nitrojeni ya hewani huharibiwa na oksijeni hiyohiyo. Protini huishika oksijeni na kuwagawia kidogo kidogo, hivyo wanapumua na kimeng'enya kinasalimika. Kinundu cheupe au cha kijani hakiupi mmea kitu.

Tena, si kila bakteria hukubalika. Mzizi hutoa kemikali udongoni, bakteria wanaopatana nao hujibu kwa kemikali yao, ndipo unywele wa mzizi unapojikunja na kuwapa njia ya kuingia. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mtafiti wa Australia, D. O. Norris, alionyesha kuwa bakteria wa klova za Ulaya hawazifai klova za Afrika. Ndiyo maana Waaustralia wanaoipanda klova yetu hupaka mbegu bakteria wake maalumu kwanza. Huku inakoota yenyewe, bakteria hao wamo udongoni tayari, bila mtu kulipa senti.

Waaustralia hao waliichukua, wakachagua aina waliyoiita Safari, wakaipanda ndani ya nyasi za kikuyu, ambazo nazo asili yake ni huku kwetu. Sisi tunaing'oa kama gugu, kisha tunabeba mifuko ya yurea, mbolea ya nitrojeni, kupeleka malishoni. Huo ni upotevu mara mbili, kwa sababu udongo ukijaa nitrojeni ya dukani mmea huacha kutengeneza vinundu, na nyasi zikineemeka huifunika klova hadi ife kwa kukosa mwanga.

Kuiotesha si kazi kubwa. Fupisha nyasi kwa fyekeo au kwa midomo ya ng'ombe mpaka ardhi ionekane, kwaruza juu juu, weka mbolea ya fosfeti, umwage mbegu mvua zinapoanza. Usiifukie zaidi ya sentimita moja. Miezi ya mwanzo nyasi zisiachwe zirefuke. Ng'ombe wapitishwe kwa muda mfupi, ardhi isipokuwa tope, wasije wakaing'oa miche.

Kuna hatari moja isiyofaa kufichwa. Ng'ombe mwenye njaa akiachiwa klova nyingi mbichi, gesi ya tumboni hunaswa katika povu, ubavu wa kushoto huvimba, na anaweza kufa ndani ya saa chache. Mlishe nyasi kavu kwanza, na hakikisha malishoni nyasi daima ni nyingi kuliko klova.

Mengine ni nyongeza: huongeza protini ya malisho, hufunika udongo wa mteremko, hulisha nyuki, hukatwa ikaanikwa. Mbegu zake huchumwa kwa mkono vichwa vya maua vikishakuwa kahawia. Usisubiri duka la pembejeo likuletee.